Turbo ya Kwenda Kuposa

Mimi ni fundi wa viti vya magari, na mtu humjua kwa kiti chake. Mwenye kiburi huchakaza mgongo wa kiti, mwenye wasiwasi huchakaza ukingo wa mbele. Cha Dishon kilikuwa kimechanika ukingo wa mbele kutoka upande hadi upande, kwa hivyo kabla hajanieleza lolote nilijua kwamba huyu bwana haliamini gari lake.

Na alikuwa na haki. Gari lenyewe lilikuwa Mercedes ya zamani ya milango miwili, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, paa lake limeteremka nyuma taratibu, madirisha hayana nguzo katikati. Siku lilipoingia kwenye kibanda changu hapo Ukunda niliweka sindano chini nikalizunguka. Nimeshona viti vya magari ya mawaziri na ya maharusi, na sijaona jingine lililotengenezwa kwa raha namna ile. Lakini mwenyewe wa kwanza, Mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba Diani, injini ilipomfia alitia ya dizeli, ya pikapu. Basi likabaki gari la kifalme lenye pumzi za punda. Barabara ya Msambweni, ambayo ni tambarare, lilikwenda kwa madaha. Likionyeshwa mlima, lilinuna.

Dishon alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni, mtu wa bara, mrefu, mpole kupita kiasi. Alimpenda Kanze, aliyefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hiyo hiyo. Kanze naye ni binti wa Mzee Ngala, Mduruma mwenzangu, mfugaji aliyehamia Golini. Golini iko juu ya mlima, unapotoka Kombani kwenda Kwale, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu posa huenda na pombe ya mnazi. Mnazi huo wa posa, tunaouita kadzama, hugemwa alfajiri na hutakiwa ufike kwa wazee ungali mtamu, asubuhi, ndugu zake baba wakiwa wamekaa wanangoja. Mara ya kwanza gari lilichemka katikati ya mlima, Dishon akafika alasiri amepanda pikapu ya mbuzi, ananuka beberu, na mnazi umegeuka siki. Mara ya pili hakufika kabisa. Wazee walitazamana, wakaenda zao. Mzee Ngala akamtuma Kanze: "Mwambie aje mara ya tatu, na aje na gari lake hilo hilo analojivunia. Asiyeweza kulifikisha gari kwangu, mwanangu atamfikisha wapi? Akishindwa, asirudi tena."

Dishon alinisimulia haya yote akiwa amesimama, kwa sababu kiti nilikuwa nimekifumua. "Aunty, nimejaribu mafundi wote," alisema. "Wote wananiambia niuze hii gari."

"Katika mafundi wote hao hukumjaribu Mwero," nikamwambia.

Gereji ya Mwero ilipakana na kibanda changu, tulitenganishwa na mabati tu. Mwero ni Mdigo wa Msambweni, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema akiwa chini ya gari, kwa hivyo wengi hawajayasikia. Mimi na yeye tulikuwa tukigombana kila siku kuhusu moshi wake na vumbi langu la sponji. Alikuja, akafungua boneti, akamwambia Dishon akanyage mafuta, akasikiliza huku amefumba macho.

"Injini nzima hii," alisema. "Ina njaa tu. Haipati hewa ya kuisukuma mlimani."

Akaingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwa kikoi kikuukuu. Nilikijua. Ilikuwa turbo, aliyoitoa kwenye gari la Kijapani lililogongwa, baada ya kuitafuta Mombasa nzima kwa miaka. Umbo lake ni la konokono wa chuma. Watu wawili watatu walikuwa wamekuja kuitaka na wote aliwarudisha, akisema gari lake halijafika. Siku za mvua alikuwa akiifungua, akaipuliza, akakizungusha kipangaboi chake kwa kidole, akaifunga tena. Nilikuwa nikimcheka. Nikimwambia wenzake wana wake, yeye ana konokono.

"Moshi unaotoka kwenye injini tunautupa bure," alimweleza Dishon. "Hapa haupotei. Unapita huku, unazungusha pangaboi hili. Na pangaboi la upande wa pili linaisukumia injini hewa kwa nguvu. Gari linajilisha kwa pumzi zake lenyewe."

Sikucheka siku hiyo. Nilimwona akilitazama lile gari jinsi mimi nilivyolitazama, nikaelewa kwamba alikuwa amelingoja.

Kazi ile ningetamani kila fundi wa pwani hii aione. Nafasi ndani ya boneti ilikuwa finyu, na mtu mwingine angekata boneti akatoboa tundu, turbo ichungulie nje. Mwero alikataa katakata. "Gari hili uso wake haukatwi," alisema. Akachukua boksi la sabuni, akalikata kwa mkasi wangu, akalikunja na kulikunjua mle ndani mpaka akapata njia ya bomba. Akapima chuma kwa lile boksi, akachomelea, akasugua kwa tupa, akavunja, akachomelea upya. Mrija wa kupeleka oili kwenye turbo aliutengeneza kwa mrija wa breki, akaukunja kwa mkono juu ya goti lake bila kuubonyeza popote. Akatia na redieta ya lori ili gari lisichemke. Alipomaliza alifunga boneti na ikafungika ndi, wala usingejua kuna kitu kimeongezwa.

Tulilijaribu barabara ya Msambweni. Nilikaa nyuma, kwenye kiti nilichokishona mwenyewe, ngozi bado inanuka gundi. Kwanza halikufanya lolote la ajabu. Kisha, Dishon alipokanyaga, kukatoka mluzi mwembamba chini ya boneti, na mgongo wangu ukazama kwenye kiti mpaka nikausikia mshono wa katikati. Minazi ikaanza kurudi nyuma kwa kasi. Dishon alicheka kama mtoto. Mwero hakucheka, alikuwa ameinamisha sikio akisikiliza, na uso wake ulikuwa mzuri kuutazama.

Tuliporudi alimzuia Dishon mkono kabla hajashika ufunguo.

"Nisikilize. Turbo huzunguka kwa kasi kuliko pangaboi lolote unalolijua, na kinachoihifadhi ni oili peke yake. Ukitoka mlimani, gari limefanya kazi, usizime. Liache lingurume pole pole, chuma kipoe. Ukizima hapo hapo, oili inasimama na chuma ni chekundu, inaungulia ndani. Na hii si mpya. Mara moja tu, basi imekufa."

"Sawa, boss."

"Sema."

"Nikitoka mlimani nisizime."

Akamrudishia tena na tena, Dishon akaitikia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mimi mwenyewe niliishika kwa moyo.

Siku ya posa Dishon aliniomba niwe shangazi yake, kwa kuwa watu wake wako mbali na mimi ndiye ninayezijua desturi za Golini. Nilivaa vizuri nikakaa nyuma, mtungi wa mnazi kati ya magoti. Mwero alikaa mbele na Dishon, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa kwa mchanga na bado nyeusi. Kanze alikuwa ametangulia nyumbani.

Barabara ilikuwa imeliwa na mvua za El Nino za mwaka ule, lakini tulifika Kombani salama, tukakata kushoto kuelekea Kwale. Mlima ukaanza. Nilimwona Dishon akisogea ukingoni mwa kiti changu kipya, nikamgonga bega: "Kaa nyuma, usinichanie kiti." Akakanyaga. Mluzi ukaja, na lile gari, Mungu shahidi wangu, likapanda. Pale lilipozoea kufia lilipita likiwa kwenye giya ya tatu. Tulilipita lori la mchanga, dereva wake akatoa kichwa dirishani kututazama. Kule chini mashamba na bahari vikawa vidogo. Nilikuwa na hamu ya kumsifu Mwero kwa sauti, badala yake nikaukumbatia mtungi.

Tuliingia kwa Mzee Ngala asubuhi kabisa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti uani. Mzee Ngala, mwembamba, kofia kichwani, akainuka kuja kutupokea. Dishon alishuka upesi, akauacha mlango wazi na gari linanguruma, kama alivyofundishwa.

Sasa, kwetu salamu si neno moja. Mkubwa anakuuliza habari za utokako, za watu, za mifugo, za mvua, na kila swali lina jibu lake, na sauti ya mzee haipazwi. Gari likinguruma mlangoni pake maana yake umekuja kupita, huna haja ya kumsikia. Hakuna aliyelifikiria hilo. Mlima ulikuwa umetula akili sote.

"Shikamoo, Mzee," Dishon alisema.

Mzee Ngala alijibu, ila ile dizeli ya pikapu ilikuwa ikigonga kwa kelele, na sisi hatukusikia kitu. Akauliza swali. Dishon akainama mbele, "Ati?" Mzee akauliza mara ya pili, kisha akafunga mdomo. Alilitazama gari, akamtazama Dishon.

Gari la milango miwili, uliyekaa nyuma hutoki mpaka wa mbele atoke akulazie kiti. Nilikuwa mfungwa. Nikapaza sauti: "Dishon, zima gari!"

Akageuka, macho yamemtoka. "Aunty, Mwero alisema nisizime."

Mzee Ngala akawaashiria nduguze kwa mkono, nao wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Akatupa mgongo, akashika njia ya mlangoni pake. Kanze nilimwona dirishani, ameshika nondo za dirisha.

Mwero alikuwa hajasogea. Kiganja chake kilikuwa juu ya dashibodi, analisikiliza gari kama siku ile. Alijua chuma kilikuwa chekundu. Katika watu wote waliokuwa pale ni yeye peke yake aliyejua hasa kitakachotokea. Alimtazama mzee akienda, akamtazama Dishon aliyesimama mikono imelegea. Kisha akaegemea upande wa pili, akashika ufunguo, akauzungusha.

Injini ikanyamaza. Chini ya boneti mluzi ulishuka, ukakwaruza, ukakatika. Mwero alifumba macho.

Na katika ule ukimya Mzee Ngala akasimama. Kulisikika kuku na mbuzi. Dishon, ambaye hakuwa mjinga, akamfuata hatua chache, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee aligeuka polepole. "Marahaba. Mwaonaje huko mtokako?"

"Twashukuru, baba. Wote wazima."

"Na mvua?"

"Zimezidi, baba, lakini tumefika."

Salamu zikaenda mpaka mwisho wake, hakuna iliyorukwa. Mwero akashuka, akalaza kiti, akanipokea mtungi, akanishika mkono nikatoka. Mzee Ngala aliuonja mnazi, akaumung'unya mdomoni, akampa nduguye. "Ungali mtamu," alisema. "Kaeni. Tuzungumze habari za mwanangu."

Hakuuliza lolote juu ya gari, wala hakuna aliyemwambia.

Jioni tuliteremka. Kwa kushuka gari halihitaji turbo, lakini moshi wa buluu ulitufuata nyuma mpaka tukashindwa kuona barabara tuliyotoka, na mle bonetini kulikuwa na mkwaruzo wa chuma.

"Ulizima wewe," Dishon alisema. "Wewe mwenyewe, Mwero."

"Turbo zimejaa tele Mombasa," Mwero akamjibu. "Mzee Ngala yuko mmoja."

Ulikuwa uongo mtupu, nami niliyemwona akiitafuta ile moja nilijua. Dishon naye alijua. Alishika usukani kwa mikono miwili huku machozi yakimdondoka, mwanamume mzima. Nilimheshimu Mwero wakati ule kuliko nilivyopata kumheshimu mtu, na nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Alishusha kioo ili moshi upungue, akamwambia Dishon arudi giya ya pili, kuna kona.