Zamu ya Kasiva

Kikundi cha mwethya, cha kusaidiana kazi za shamba kwa zamu, kilifika kwa Kasiva asubuhi, wanawake wenye majembe begani, wakiimba. Mwaka mzima Kasiva alikuwa amewachimbia wenzake mitaro ya kuzuia maji, shamba kwa shamba, hapa Kalamba. Sasa ilikuwa zamu yake, na aliyeiacha zamu ipite alingoja mpaka mzunguko urudi.

"Mama Mulei, mbona umesimama kama mgeni?" Kalekye, kiongozi wao, alimuuliza Kasiva. "Tuonyeshe pa kuanzia, ama tuchimbe jikoni?"

Wakacheka. Kasiva hakucheka.

Mteremko waliokuja kuchimba haukuwa wake. Alikuwa mjane, na ardhi yote ya ukoo ilishikwa na Nyamai, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Mwanzoni Nyamai alimpa kipande cha bondeni, kwa mdomo tu. Kasiva akachimba mitaro, udongo ukatulia, ndengu zikajaa magunia. Nyamai alipoona hivyo akampa mwanawe kipande hicho, na Kasiva akapandishwa huku juu kwenye mawe.

"Lima," alimwambia, "lakini usichimbe mitaro. Mtu akichimba, kesho anasema ni kwake."

Msimu uliopita mvua ilibeba mbegu zote mpaka mtoni. Watoto waliishi kwa uji wa msaada wa kanisa.

Tangu alfajiri Kasiva alikuwa akiomba: Bwana, nionyeshe njia. Hakuiona. Bila mitaro angekosa chakula, na akichimba angeweza kufukuzwa.

"Anzeni hapa," alisema hatimaye.

Walipokuwa kwenye mtaro wa pili, Nyamai alishuka na fimbo yake. Wimbo ukakatika.

"Habari ya kazi, akina mama?"

"Njema, mzee."

Kasiva alingoja matusi. Nyamai aliitazama mitaro, akatabasamu.

"Kazi safi. Huu wa chini upanueni. Na hapa mniachie mashimo ya miembe."

Kasiva mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kupanda hata mti mmoja. Alielewa: mitaro ikishakamilika, kipande hiki nacho kingechukuliwa. Kalekye pia alielewa, akatupa jembe chini.

"Mzee, sisi si vibarua wako. Tumekuja kwa huyu mama."

"Na huyu mama yuko kwa nani?" Nyamai aliuliza kwa upole.

Kasiva alimkaribia. "Shemeji, niache nivune msimu huu tu."

"Tutaona."

"Watoto ni wa ndugu yako."

"Nimesema tutaona. Mungu ni mkubwa."

 Huyo Mungu ndiye ambaye Kasiva alikuwa akimwita tangu alfajiri.

Mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya vilima. Wakiondoka sasa, mvua ingeukuta mteremko wazi.

"Ukisema twende, tunaenda," Kalekye alimnong'oneza.

Wote walimtazama. Kasiva alifumba macho, akaomba. Bwana, msimu mmoja. Kisha akainama, akaokota jembe la Kalekye na kumrudishia mkononi.

"Panueni huu wa chini," alisema.