Amina ya Fundi wa Mapaa

Baba yangu ni fundi wa mapaa. Miaka ishirini na saba anatembea juu ya nyumba za watu kama paka mwenye hati ya kiwanja, misumari mdomoni, na hajawahi kuteleza. Lakini mtajie ndege uone jasho. "Paa lina ukuta chini yake," husema. "Ndege ina nini chini yake?"

Balaa ni kwamba dada yangu ameolewa kisiwani, na huko hakufikiki ila kwa ndege. Dada ana binti wa miaka miwili ambaye kwetu tunamwita Bi Mkubwa, kwa jinsi anavyotoa amri kwenye simu. Ni mjukuu wa kwanza wa baba, na baba hajamshika hata kidole. Kanisa letu hupeleka timu ya injili kisiwani humo kila mwaka, na baba, akiwa mzee wa kanisa, yumo. Tatizo ni kwamba mara mbili mfululizo timu nzima imeachwa na ndege, na mara zote mbili lawama zilimwendea shetani, maskini, ambaye safari hizo hakuhusika kabisa.

Aliyehusika ni baba. Kwetu ombi la safari huombwa pale pale mlangoni pa kuondokea, na mzee wa kanisa ndiye huliomba. Aliyelianza ndiye hulifunga, na hakuna ruhusa ya kufumbua macho kabla ya Amina. Mwaka jana baba alianza na Adamu. Alipofika kwa Nuhu, ndege ilikuwa imeshapaa.

Mwaka huu dada alituma ujumbe mmoja tu: baba asipokuja, asiulize tena habari za mtoto. Mama, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya goti bovu, alinishika sikio asubuhi ya safari. Nina miaka ishirini na miwili, lakini sikio la mtoto halikui. Akasema, "Leo ukirudi na huyo mzee wako, mtalala kanisani wote wawili."

Uwanjani tulifika mapema, watu kumi na wawili na kinanda. Mizani ikatukatalia. Mchungaji, ambaye begi lake lilizidi, akafungua zipu, akavaa makoti yake matatu moja juu ya jingine na joho juu yake, akabaki amesimama kama kabati lenye miguu. Dada mmoja, mhudumu wa mlangoni, akatuonya kwamba mvua inakuja. Ikifika kabla hatujaondoka, safari imekufa hadi wiki ijayo. Nikamwona baba akilitazama wingu kama mtu anayemwona shemeji yake akija na zawadi.

"Tuombe," akasema.

Macho yote yakafumbwa, isipokuwa yangu. Nisamehewe.

Aliombea magurudumu, moja moja. Aliombea bawa la kulia, kisha la kushoto lisije likaona wivu. Dada wa mlangoni alijaribu kukohoa, kisha adabu ikamzidi nguvu, akainamisha kichwa. Kipaza sauti kikatuita, kikatuita tena, kikanyamaza. Aliyekuwa anatuita akaja mwenyewe kwa hasira, akatukuta tumeinama, naye akavua miwani na kuinama. Mwisho akaja rubani. Aliteremka kwenye ndege kwa hatua za mtu mwenye maneno mengi, lakini inaonekana mama yake alimlea vizuri, kwa sababu alivua kofia, akafumba macho.

"Na huyu rubani, Bwana," baba akaendelea, "kijana ambaye hata kwao hatukujui."

"Amina," rubani akaitikia kwa moyo wote.

Kwa hiyo ndege haikuweza kutuacha, maana dereva wake tulikuwa naye kwenye maombi. Lakini mvua haina adabu. Ngurumo ikasikika. Baba akaisikia, akaishukuru kwa jina.

Hapo ndipo nilipokumbuka maombi ya kuzunguka. Kila mwanzo wa mwezi tunalizunguka kanisa tukiwa tumefumba macho, kila mtu mkono wake begani kwa aliye mbele, na anayeona ni mmoja tu: kiongozi wa nyimbo. Kiongozi wa nyimbo ni mimi. Niliwahi kuwaingiza wote mtaroni, lakini hayo yamepita.

Nikauchukua mkono wa baba, nikauweka begani kwangu, nikaanzisha wimbo wa kuzunguka. Kanisa lina mazoea: mikono ikatafuta mabega, msururu ukajipanga, nikauvuta. Tukapita mlango wa vioo, tukakanyaga lami, baba akiomba nyuma yangu bila kukata, sasa akiwa kwenye mafuta ya ndege. Mguu wake ukagusa ngazi, akasimama. Miguu ya fundi inajua ngazi kuliko macho yake.

Akanong'ona, "Mwanangu, hii ngazi ya nini?"

"Ya paa, baba."

Akaigonga ngazi kwa ncha ya kiatu.

"Paa la nani?"

"La Bi Mkubwa. Linavuja."

Akavuta pumzi kama anavyovuta kila asubuhi kabla ya kupanda. Kisha akapanda, ngazi moja baada ya nyingine, macho ameyafumba kabisa. Hakuomba kitu mpaka alipokaa kwenye kiti. Nikamfunga mkanda, naye akaanza upya, kwa Adamu.

Nilipogeuka kuhesabu watu nikapata kumi na watatu. Wa kumi na tatu alikuwa ameketi nyuma ya makoti ya mchungaji, kofia ya urubani mapajani, anaimba sauti ya tatu, macho ameyafumba. Nikamgusa bega. "Kaka," nikamwambia, "wewe fumbua."

Tulipaa matone ya kwanza yakidondoka. Na kwa kuwa Amina haikusemwa, timu nzima iliruka juu ya bahari imefumba macho. Mhudumu alipita na trei ya maji, akatutazama, akarudi nayo.

Kisiwani baba alishuka vivyo hivyo, kanishika bega, anaomba kwa sauti iliyokwisha kukauka. Dada yangu alikuwa analia kabla hatujafika. Alimwinua Bi Mkubwa hadi usoni kwa baba. Mtoto akamkagua, akaweka kidole kwenye jicho lililofumbwa.

"Babu," akaamuru, "amka."

Baba akafumbua. Akamtazama, akakishika kile kidole.

"Amina," akasema.

Wengine nao wakafumbua macho, wakaanza kuulizana tumefikaje.

Tulipangiwa kurudi Jumamosi. Jumatano tu, baba alikuwa ameshaomba tangawizi ya kulainisha koo kwa ajili ya ombi la safari.