Futi Inayoanzia Nane

Baba yangu hajawahi kumlipa fundi wa gita, na hilo hulitangaza kuliko jina lake. "Gita la kweli halipelekwi kwa fundi," husema, "linamtii mwenyewe." Wenzake wa bendi ya zamani walianza kuacha kupiga mmoja mmoja, viungo vimekaza, vidole havikunjiki. Yeye akawacheka. Gita lake lilizidi kuwa laini mwaka hadi mwaka, naye akajipa jina la Vidole vya Chuma. Sisi wanawe tulichoka kulisikia, lakini tuliliamini.

Kisha Mama akaenda kumuuguza mama mkubwa, akakaa huko muda mrefu kuliko tulivyotegemea. Hajarudi bado, gita likamgeuka Baba. Mbaya zaidi, Jumamosi mtu wa studio alikuwa aje nyumbani kurekodi nyimbo zake, zile alizotunga mwenyewe na ambazo hazijawahi kurekodiwa popote. Ijumaa asubuhi nilimkuta sebuleni, gita pajani, anabonyeza uzi wa kwanza na uzi haubonyezeki. Ulikwaruza, ukafa.

"Nyuzi zimepanda," akasema. "Zimepanda zenyewe."

"Twende kwa fundi, Baba."

"Labda unipeleke maiti."

"Basi litengeneze mwenyewe! Si ndivyo unavyofanya siku zote?"

Akachukua bisibisi. Akaishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa jirani, akaisogeza kwenye gita, akairudisha, akajifanya anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Nikapigwa na butwaa. Majigambo yote yale, kumbe mzee hajui hata aanzie wapi! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kama si yeye aliyekuwa akililainisha, ni nani?

Alipojinyoosha baada ya chakula cha mchana na kuanza kukoroma, nililibeba gita kama mwizi nikaenda kwa fundi. Huyu anajiita Daktari, na amevaa koti jeupe kweli, lina madoa ya gundi hadi kwenye kola. Alilegeza nyuzi, akachungulia huku na huku, akanung'unika.

"Gita ni zima," akasema. "Wa kupimwa ni mpigaji. Lakini niambie, dada, fundi wenu ni nani?"

"Hatuna fundi."

"Usinitanie. Huyu mtu ana mkono. Mwambie namsalimia, na asithubutu kufungua duka mtaa huu."

Kwa koleo ndogo akachomoa kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi huegemea kule chini. Ndani ya ufa wake kulikuwa na kiutepe chembamba, kimelazwa ili kuuinua mfupa. Akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cha manjano, kina vistari vidogovidogo, na juu ya vistari ilionekana miguu ya tarakimu, moja hadi saba.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nikakalia ndoo.

Mama ni fundi cherehani. Futi yake, ule utepe wa kupimia nguo, inaanzia nane. Toka sijazaliwa inaanzia nane. Hupima, hutoa saba kichwani, huandika, na wateja hucheka hadi wakazoea. Tulimnunulia mpya akaitia kabatini. Tukiuliza nani alikata ile ya zamani, hujibu neno moja: "Panya." Tulidhani ni ubahili tu.

Nikampigia simu palepale.

"Mama, panya wa futi yako nimemkamata."

"Baba yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Alipokuwa kijana alilalamika nyuzi ziko chini, zinagonga. Akalala, nikakata ncha ya futi, nikaipasua kwa urefu viutepe vinne, nikavilaza chini ya mfupa. Asubuhi akaamka anajisifu. Sasa nimwambie nini? Halafu siku moja nikamwona anahangaika na vifungo vya shati. Nikatoa kimoja. Vidole vikizidi kukaza, natoa kingine."

"Kwa hiyo vidole vya chuma..."

"Vidole vya chuma ni hivyo viutepe vya futi yangu. Kitoe. Nilipanga kukitoa nikirudi."

"Na baada ya hiki?"

"Rudisha gita kabla hajaamka," akasema. "Na usimwambie baba yako."

Nikamuuliza Daktari kama mfupa wenyewe unaweza kusuguliwa ushuke zaidi. Akatikisa kichwa. Zikishuka tena nyuzi zitagonga shingo, hazitalia. Hapa ndipo mwisho. Akaurudisha mfupa bila kiutepe, akakaza nyuzi, nikamlipa, wa kwanza katika ukoo wetu.

Nyumbani nilimkuta Baba ameamka, ameketi, mikono magotini.

"Nililipeleka kupanguswa vumbi," nikasema. Hata mtoto wa chekechea angeuona uongo ule.

Akalipokea. Akabonyeza uzi wa kwanza, ukalia. Akapiga wimbo wa harusi yake na Mama hadi katikati, bila kukwaruza hata mara moja, nami nikasubiri majigambo. Hayakuja. Alipitisha kidole gumba juu ya mfupa, polepole, kama mtu anayehakikisha mfukoni mna kitu.

"Mama yako alikuwa amebakiza vingapi?"

"Baba! Unajua?"

"Mimi ni mpiga gita. Uzi ushuke, nisijue?"

"Tangu lini?"

"Tangu kile cha kwanza. Ananyata, anaacha harufu ya mafuta ya cherehani kwenye gita zima, halafu asubuhi ananiuliza nimelalaje." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nimkatishe raha yake? Nimekuuliza, vingapi?"

Nikafungua kiganja. Kiutepe kilikuwa kimejikunja kwa jasho langu.

"Kimoja tu, Baba. Ndicho hiki."

Akakitazama. Akaitazama mikono yake mwenyewe, akajaribu kuikunja ngumi, ikagoma nusu njia.

"Mpigie mtu wa studio," akasema. "Mwambie aje leo."

"Si mmepatana kesho?"

"Leo. Na usimwambie mama yako."

Nikachukua simu. Nilikosea namba, nikaanza upya, nikakosea tena, vidole havinitii, vyangu mimi nisiyeumwa kitu.