Kikosi cha Punda cha Mtemi Kefa

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na nimeyaapia kwa beberu wangu, Kanali. Wala si kiapo cha mdomo. Jirani yangu Restuta, mwenye punda wa maji, alisema amechoka kusikiliza hadithi zangu bure. Safari hii nisome mbele yake, na likipatikana neno moja la uongo, Kanali anachinjwa siku hiyohiyo. Nikakubali. Kanali nimemlea kwa mkono tangu mama yake afe, analala chini ya dirisha langu, na mtu hamweki rehani kiumbe kama huyo asipokuwa na hakika.

Basi sikilizeni.

Mwaka jana, mwezi wa nane, pombe ya uwele mpya ikiwa imeiva, mtemi wetu Kefa alisimikwa. Enzi za watemi kutawala ziliisha zamani. Siku hizi kazi ya mtemi hapa Chilonje ni kufungua sherehe na kuonja pombe kabla ya wengine. Lakini hata mwonja pombe ana heshima yake. Binti yake Evodia, anayefanya kazi bungeni na kuishi mtaa wa Kikuyu huko mjini, alikuja na simu akamwonyesha jinsi wafalme wa nchi za mbali wanavyolindwa na askari wapanda farasi.

"Wana kazi mbili, baba," Evodia akasema. "Siku ya sherehe wanapendeza. Siku ya vita wanapigana."

"Ni watu walewale?"

"Walewale."

"Basi nataka hao. Nitapata watu wawili kwa chakula cha mmoja."

Farasi hatuna. Punda wapo sita, wa Restuta, ambao kila siku hubeba madumu ya maji kutoka kisimani na kuyagawa nyumba kwa nyumba. Ukamanda nikapewa mimi, kwa sababu nilifanya kazi masijala miaka thelathini na moja, na humo nilisoma mafaili ya kila namna, hasa yasiyonihusu.

Tulivaa masweta mekundu ya sekondari. Kifuani kila askari alijifunga sinia la alumini, yale ya akina mama wa kanisani, na kichwani kofia ngumu ya bodaboda iliyochomekwa mkia wa ng'ombe. Tulipotoka nje kuku wote walikimbilia uvunguni, maana waliona jua limeshuka vipande sita.

Sasa, kazi ya sherehe ni kutotikisika. Niliifundisha siku tisa. Nzi akitua puani, mwache amalize shughuli zake. Askari wangu Gaudence alihitimu vizuri mno, hadi mke wake akaja kumsikiliza kifua. Punda walihitimu siku ya kwanza.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, tukatoka kwa mtemi kuelekea uwanjani, yeye katikati kwa miguu, sisi tumemzunguka. Tulipofika mlangoni kwa Paskazia, punda wote sita wakasimama. Tukawapiga visigino, wapi. Ngoma zikanyamaza. Punda wa Restuta wanajua kitu kimoja duniani: ukifika kwa mteja unasimama, na huondoki mpaka mzigo ushushwe.

Paskazia akatoka na ndoo yake kama kila siku. Akamtazama Gaudence juu ya punda wa kwanza.

"Leo mmeniletea nini?"

"Askari," nikasema.

"Mimi sikuagiza."

"Mshushe tu, mama, tupite."

Akamkumbatia kiunoni, akamshusha, akamweka kivulini karibu na mtungi. Punda wakaondoka mara moja. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. Hadi nyumba ya tano nilikuwa nimegawa askari watano.

"Kamanda," mtemi akaniita, "jeshi langu linakwenda wapi?"

"Linaweka kambi, Mtemi. Kila nyumba ngome yake."

Akaridhika sana.

Uwanjani nilifika peke yangu. Nikasimama bila kutikisika, na mara vita ikaja. Ng'ombe mia mbili wa wageni walivamia shamba la mtemi, uwele umekomaa, masuke yamejaa. Nilimgeuza punda, sinia likawaka kifuani, nikawashukia kwa mkuki. Walikimbia wote. Wa mwisho walionekana mbali huko Chemba, na walikuwa bado hawajapunguza mwendo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia kuandika. Yanayofuata nimeyaongeza baadaye.

Nilisoma Jumapili alasiri uani kwa Restuta, Paskazia na Evodia wakiwepo. Restuta alikuwa anapepeta uwele. Ungo ukasimama.

"Shemeji, rudia. Mwezi gani?"

"Wa nane."

"Na shambani masuke yamejaa?"

"Yamejaa."

"Sisi wengine tulivuna mwezi wa sita. Halafu hiyo pombe ya uwele mpya umesema ilikuwa imeshaiva. Uwele ulikuwa mtungini au shambani?"

Nikasema kuna uwele wa kuchelewa. Hata mimi sikujiamini.

"Mzee Yotham," Evodia akasema kwa upole wa watu wa ofisini, "shambani yalikuwepo mabua tu. Na ng'ombe walikuwa wa baba. Niliwafungulia mimi mwenyewe wakale."

"Mia mbili?" Paskazia akauliza.

"Watatu. Mmoja ndama."

"Na kamanda alipowashukia?"

"Kamanda sikumwona. Nani alimwona?"

"Mimi," Restuta akasema. "Nyumba ya sita ni hii. Punda akasimama, nikamshusha. Alilala chali nyuma ya mtungi wangu hadi sherehe ikaisha. Aliposema ana njaa nikampakulia ugali juu ya sinia, akala hapohapo kifuani bila kulifungua. Nisimwonee lakini: nzi walimtua, hakutikisika."

Nikainuka, nikaenda kumfungua Kanali kamba kwa mkono wangu. Alinifuata bila kuvutwa, akidhani ninampeleka kwenye mabua.

Jioni Mtemi Kefa alisikia harufu ya nyama akaja na kigoda chake, akaonja kabla ya wengine. Akatafuna muda mrefu, akatikisa kichwa, akaomba pombe. Mimi nilipewa shingo, juu ya sinia lilelile.

Nyama ya Kanali ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Hilo siliapii, kwa kuwa sina mbuzi mwingine, lakini muulizeni Restuta. Jino lake la mbele lilibaki humo.