Ndege za Uani

Ndege iliyokuwa ikija kutoka upande wa jiko ilikuwa imevaa malapa, na lapa moja limefungwa kwa waya. Ilikuwa imelaza ufagio mabegani, hayo ndiyo mabawa. Nyuma yake zilifuata ndege nyingine, zote na mifagio yao, isipokuwa moja iliyochelewa kufika chuoni ikakuta mifagio imekwisha. Hiyo ilipewa mwamvuli.

Binti wa fundi cherehani alikuwa amesimama juu ya stuli, na stuli iko juu ya meza, na meza ina mguu mmoja uliowekewa tofali. Huo ndio mnara. Mdomoni alikuwa na kopo tupu la maziwa, hiyo ndiyo redio. Jua lilikuwa utosini.

"Malapa, shuka."

Malapa akakunja magoti, akaendelea kutembea amejikunja hivyo hivyo kama mtu aliyeibiwa mkanda.

"Mwamvuli, bado kuna mwenzako mbele. Zunguka juu ya tangi."

Mwamvuli akaanza kulizunguka tangi la maji. Alizunguka vizuri, bila kunung'unika, maana naye alikuwa amelipa ada.

Mashine ya kufanyia mazoezi ya kuongoza ndege ilikuwepo. Kwenye bango la langoni ilionekana inang'aa, vioo vitupu, na vijana wenye mashati meupe wameizunguka wakicheka. Ile yenyewe ilikuwa chumbani, imefunikwa shuka kama maiti wa heshima. Ilikufa mara tu binti alipomaliza kulipia masaa ya kuitumia. Mkurugenzi wa chuo alisema kipuri kiko njiani. Mwaka ukaisha, kipuri kiko njiani. Mwingine ukaingia, kipuri bado. Kama kilikuwa kinakuja kwa miguu, basi kilikuwa kinakuja kwa magoti.

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa mtu wa shingo fupi, na juu ya hiyo shingo fupi alilazimisha tai yenye picha za vindege. Hakuwahi kuongoza hata baiskeli. Ofisini kwake kulikuwa na kiyoyozi, nacho hakikuwahi kuhitaji kipuri hata siku moja.

Nyumbani, mama yake binti alikuwa anashonea barazani, kwenye mlango wa chumba walichopanga. Zamani alikuwa na cherehani za kumtosha kuajiri mtu. Bango la chuo lilisema masomo ni mwaka mmoja, akauza ile ya kutarizi. Mwaka mmoja ukazaa mwingine, ikaondoka ile ya kukunja pindo. Ikabaki moja ya kukanyaga kwa mguu, inayolia kama mbuzi. Majirani waliposikia habari za ndege walielewa walivyoelewa, wakamwita Mama Rubani. Mwanzoni alikuwa anawasahihisha. Baadaye akachoka.

"Mama Rubani," aliita fundi viatu wa baraza la pili, "mtoto ameshapaa?"

"Huyu hapai. Huyu anawaambia wanaopaa wapite wapi."

"Kumbe ni trafiki."

"Trafiki wa juu."

Fundi viatu alipigilia msumari, akawaza. "Trafiki wa chini ninaowajua mimi husoma kidogo tu, na siku ya kwanza barabarani wanaanza kula. Huyu wa juu mbona yeye ndiye analiwa?"

Mama alikata uzi kwa meno.

Jioni, binti alipoingia na miguu ya vumbi, mama alimsogezea beseni la maji.

"Hivi mwanangu, hizo ndege ni nyingi kiasi gani? Maana mimi nimekuzaa wewe, nikakuachisha ziwa, nikakufundisha kutembea, na bado sikutumia muda huu wote."

"Siyo ndege, mama. Ni vyeti."

Vyeti ndivyo vilivyokuwa vinawala. Kilikuwepo cha afya, na cha Kiingereza, na cha chuo, na kila kimoja kina siku yake ya kufa. Mnara wenyewe, ule wa uwanja wa ndege, ulimpokea mwanafunzi kwa mazoezi pale tu vyeti vyote vikiwa hai kwa pamoja. Vyake vilikuwa kama wagonjwa wa wodi moja: huyu akipata nafuu, wa kitanda cha pili anakata roho. Na bila kukaa mnarani hakuna leseni, na bila leseni ule usomi wote ni hadithi ya kumsimulia fundi viatu.

Daktari wa cheti cha afya alikuwa mmoja tu aliyekubalika, naye alikuwa shemeji wa Mkurugenzi. Kila mara binti alipokwenda alimmulika machoni, akamwambia asome herufi zile zile ukutani.

"Macho mazuri sana. Hayajabadilika."

"Kama hayajabadilika, daktari, mbona nalipa tena?"

"Unalipia kujua kwamba hayajabadilika," alisema daktari, akazima kurunzi yake ili asiimalize betri.

Ikatokea mara moja vyeti vyote vikawa hai. Mama alimpigia pasi shati jeupe, akajitia mate kidoleni kumfuta doa la kola kama anampeleka darasa la kwanza. Binti akaenda uwanja wa ndege.

Mkuu wa mnara alimpokea juu kule, kwenye chumba cha vioo, akiwa anamenya chungwa. Chini yao njia ya ndege ilinyooka, na ndege za kweli zilikuwa zinangoja zamu zao kwa adabu. Binti alizitazama, akasahau kidogo alichofuata.

"Masaa ya mashine yako wapi?" aliuliza mkuu.

"Mashine ni mbovu, mzee. Tulifanyia uani."

"Uani mlifanya nini?"

"Tulikuwa tunatembea."

"Nani anatembea?"

"Ndege, mzee."

Mkuu aliacha kumenya. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Hebu sikiliza hii. Ndege zao zinatembea. Binti, rudia."

Akarudia. Hata habari ya mwamvuli wakaitaka, akaieleza. Walicheka mpaka mkuu akafuta macho kwa mkono wenye maji ya chungwa, yakamwasha.

"Mimi siwezi kumpokea mtu aliyeongoza miguu," alisema alipopumua. "Nenda kamalizie masaa yako kwenye mashine, kisha uje."

Binti hakuondoka. Dirishani alikuwa amekaa kijana, vipokea sauti masikioni, anajifunza. Hakuhitaji kugeuka ili ajulikane, shingo ile ilitosha. Alikuwa mtoto wa Mkurugenzi. Huyo hajawahi kushika ufagio, wala wa kuwa ndege wala wa kufagia.

"Na huyo, mzee? Yeye masaa ameyapata kwenye mashine ipi? Si tunasoma chuo kimoja."

"Huyo tunamjua," alisema mkuu, akatia kipande cha chungwa mdomoni.

Binti alipofika chuoni, Mkurugenzi alikwisha kuzijua habari. Alimkalisha kwenye kiti cha wageni, mbele ya kiyoyozi, jasho lake likamgandia mgongoni.

"Mwanangu, mimi nakuona kama mtoto wangu wa kumzaa."

"Nimemwona mtoto wako wa kumzaa. Hajambo."

Mkurugenzi alikohoa. Akaeleza kwa upole kwamba kipuri kimekwama kwa ajili ya fedha tu, na fedha ni wanafunzi. Wakija wapya wa kutosha, mashine itapona, na wa kwanza kuikalia atakuwa yeye. Kwa sasa afundishe uani, bila malipo, na awe anapokea wazazi. "Mzazi akiniuliza mimi, ananiona mfanyabiashara. Akikuuliza wewe, anamwona mtoto wake."

Binti alimfikishia mama maneno hayo. Alitumaini mama atasema basi, tumeshindwa, rudi ushone.

Mama alikanyaga cherehani, ikalia, akaiachia ikanyamaza.

"Tukiacha sasa, mwanangu, tutakuwa tumenunua nini?"

Cheti cha afya kilipokufa tena, cherehani ile nayo ikachukuliwa na mtu mwenye mkokoteni. Mama akaenda kushona vifungo kwa mkono kwenye duka la mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Binti akarudi juu ya stuli. Ndege zilikuwa mpya, zina viatu vizuri bado. Malapa alikuwa amekata tamaa akaenda kuuza maji, lakini ufagio wake ulipata mtu siku ile ile. Mwamvuli hakuwa ameondoka. Alikuwa kwenye tangi.

Asubuhi moja Mkurugenzi alitoka na mgeni. Mama mmoja, mfua nguo za watu, vidole vimejikunja na kuwa vyeupe kwa sabuni. Kando yake binti yake, shati limepigwa pasi, kwenye kola unyevu mdogo wa doa lililofutwa sasa hivi.

"Huyu ndiye mwalimu wao," alisema Mkurugenzi. "Alianza kama mwanao. Muulize lolote."

Mama yule alitazama mifagio inayopita. Akataka kucheka, akaona wengine hawacheki, akaacha.

"Mwanangu," alisema, "haya masomo ni ya muda mrefu?"

Mkurugenzi alichezea tai yake. Binti alishusha kopo mdomoni. Alivitazama vile vidole, halafu ile kola.

"Hapana, mama," alisema. "Ni mwaka mmoja tu."

"Afadhali," alisema mama yule, akaanza kufungua pochi.

Binti akashuka mezani kuwapeleka ofisini. Uani, ndege ziliendelea kuzunguka tangi juani, mabawa mabegani, zikingoja kuambiwa zitue.