Harufu ya Fundi Edafe

Kila aliyeingia sebuleni asubuhi ile alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Harufu ilikuwa pale. Petroli. Ilikuwa hafifu, imechanganyika na marashi ya mochwari, lakini haikufichika. Na aliyelala kitandani katikati ya chumba alikuwa Fundi Edafe, mtengenezaji wa jenereta ambaye mji mzima wa Sapele ulimjua kwa mikono yake myeusi.

"Mnamsikia?" Shangazi Omonigho, dada wa marehemu, aliwaambia waombolezaji waliokuwa wakiingia. "Wiki tatu mochwari. Wamemwosha, wamempaka manukato, na bado ananukia kazi yake. Huyo ndiye kaka yangu. Kifo chenyewe kimeshindwa kumsugua."

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakalia upya.

Ufuoma, binti wa marehemu, alikuwa ameketi sakafuni karibu na kiti cha mama yake. Hakuwa amelia tangu habari zilipomfikia. Shangazi alikwisha kumsema mbele za watu kwamba ana macho ya samaki wa kukaushwa. Alikuwa na shughuli yake. Alikuwa akiivuta harufu ile kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa kilichobaki kibuyuni.

Ilimrudisha kwenye karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Baba alikuwa akimdondoshea petroli kiganjani na kumwambia afikiche. Ikikauka upesi na kuuacha mkono mkavu, ni safi. Ikiacha utelezi, imetiwa mafuta ya taa, na itaua mashine ya mtu. Nyingine aliitia kwenye chupa nyeupe akaiacha itulie, aone kama kuna maji yatakayozama chini. Ile iliyopikwa huko vichakani kwa mafuta ghafi ya wizi hakuigusa, hata uhaba ulipowafanya mafundi wenzake wamcheke kwa kukaa bila kazi.

Na haikuingia nyumbani kamwe. "Petroli ni mgeni wa uani," alisema. Madumu yake yalikaa kwenye kibanda cha peke yake, chenye mlango wa wavu ili mvuke utoke, na kila dumu liliachwa nafasi juu. "Jua likipanda, nayo inapanda. Ukiinyima nafasi itajitafutia."

Hapo ndipo Ufuoma aliposhtuka.

Baba alikuwa ameoshwa. Shati jeupe, kofia, kitambaa cha hariri alichofungwa kiunoni, vyote vilitoka kwa mshonaji jana na havijawahi kuiona karakana. Hata kitanda kilikuwa cha kukodi, chenye nguzo za shaba na satini iliyoteremka mpaka sakafuni. Maiti ile haikuwa na sababu yoyote ya kunuka petroli.

Akainama kama mtu anayetaka kuweka satini sawa. Akaifunua.

Madumu ya njano, yale ya mafuta ya kula, yalipangwa ubavu kwa ubavu kama watoto waliolala. Lililokuwa karibu naye lilikuwa limevimba kama chura. Kipande cha nailoni kilichowekwa chini ya kifuniko kilikuwa kimepasuka, na petroli ilikuwa ikitiririka ubavuni mwa dumu bila haraka. Sakafu ilikuwa imelowa. Ncha ya hariri ya Baba iliyoning'inia upande ule ilikuwa imelowa pia.

Ufuoma akaishusha satini. Akainua macho, akaiona mishumaa.

Ilikuwa minne, kila pembe ya kitanda mmoja, juu ya vinara virefu ambavyo wanawake wa kanisa walivileta baada ya gari la maiti kufika. Urefu wa vinara ndio uliokuwa umewaweka hai mpaka sasa, kwa maana mvuke wa petroli hutambaa chini. Chumba kilijaa watu bega kwa bega. Mlango wa kutokea barazani ulikuwa mmoja, na mwingine ulikuwa wa jikoni, nyuma ya kitanda. Madirisha yalikuwa na nondo. Huko barazani Katekista Umukoro alikuwa ameinamia chetezo, akipuliza makaa yashike vizuri kabla hajaingia kumfukizia marehemu ubani.

Angepiga kelele, wote wangekimbilia mlango mmoja. Na kinara hakihitaji ila pindo la kanga ya mtu kianguke.

Akasogea mpaka sikioni mwa mama yake. "Mama, usigeuke. Kuna petroli chini ya kitanda."

"Najua," Mama akasema.

Ufuoma akamtazama.

"Kaka yako Okiemute aliniuliza alfajiri petroli ya jenereta aifiche wapi. Kwenye mazishi ya kina Jolomi vijana walifyonza mafuta ya jenereta mpaka ikakauka, muziki ukakatika wakwe wakiwa getini wakiingia kucheza. Aibu ile. Nikamwambia weka chini ya baba yako. Nani atapeleka mkono wake pale?"

"Mama, inavuja."

"Mimi na harufu hii tumezeeka pamoja, mwanangu. Niache."

"Mama. Angalia mishumaa."

Mama akageuka. Aliuangalia mwali uliokuwa karibu na miguu ya mumewe, kisha wa pili. "Haikuwepo," akasema. "Alfajiri haikuwepo, Ufuoma. Nilikuwa sija..."

Mjane hainuki kitini mpaka jeneza lifungwe. Kila mtu pale alijua. Mama akashika mkono wa kiti, akainuka.

"Unakwenda wapi?" Shangazi Omonigho akamvaa papo hapo. "Wifi, kaa chini. Unataka watu waseme nini?"

"Nataka hewa."

"Hewa ipo kesho na keshokutwa. Kaka yangu yupo leo tu."

"Basi nishikeni twende sote. Nikianguka barazani peke yangu ndipo mtakaposikia watu wanavyosema." Akawanyooshea mikono. "Nyote. Polepole. Miguu yangu haina nguvu."

Nani angemwacha mjane aanguke? Wanawake wakaanza kunyanyuka, huku wakishikana mikono na kunong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Wakatoka naye taratibu kama maji yanayotoka kwenye mtungi.

Ufuoma alikwisha chovya vidole kwenye kikombe cha maji ya mama yake. Akaubana utambi wa kwanza. Wa pili. Hakuthubutu kupuliza, cheche isije ikaruka.

"We mtoto una wazimu?" Shangazi alikuwa amebaki nyuma. "Unamzimia baba yako taa? Chozi hujammwagia, sasa unamnyima na mwanga?" Akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu. Kinara cha tatu kikayumba, na nta ikammwagikia Ufuoma mkononi. Akakidaka kwa mkono mwingine, akaubana utambi, na kwa ncha ya mguu akaiinua satini.

Shangazi akatazama chini.

Akauachia mkono wa Ufuoma. Alikuwa ameshinda asubuhi nzima na kichwa chake juu ya kitanda kile.

"Toka polepole, Shangazi. Usiguse swichi ya feni. Usiguse kitu."

"Nilisema ni yeye," Shangazi akanong'ona. "Niliwaambia watu ni yeye."

"Hata mimi nilidhani ni yeye. Toka."

Akauzima wa mwisho. Alipofika mlangoni Katekista alikuwa anaingia, chetezo kinafuka, makaa mekundu yanaonekana kwenye matundu. Ufuoma akamwekea kiganja kifuani.

"Rudi."

"Binti yangu, ni wakati wa ubani."

"Rudi nyuma, Katekista. Nenda na moto wako mpaka barabarani."

Uwanja mzima ukageuka, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wameisikia sauti yake siku nyingi. Katekista akamtazama usoni, kisha akarudi kinyumenyume, chetezo kimeshikwa mbali na kanzu yake.

Okiemute alikuja mbio kutoka kwenye turubai la wageni. "Nani kawatoa watu? Mwenye jenereta ananidai mafuta na..." Akasikia harufu, safari hii kama mwana wa fundi. Waliyatoa madumu kwa mlango wa jikoni, ambako moto haukuwashwa siku ile, moja moja, yeye mbele na dada yake nyuma, wakamwaga mchanga sakafuni.

"Ulijaza mpaka wapi?" Ufuoma akamuuliza.

"Mpaka shingoni. Alfajiri kulikuwa na baridi. Nimesota foleni tangu jana, nikasema lisipotee hata tone."

"Unajua Baba alivyokuwa akisema."

"Najua." Dumu la mwisho lilikuwa bado mikononi mwake. Hakuliweka chini. Vidole vilikuwa vimekaza kwenye mshikio, na Ufuoma ilibidi avifungue kimoja kimoja.

Hariri hawakuweza kuibadilisha, hapakuwa na nyingine. Wakaikata ncha iliyolowa kwa mkasi. Padri alipofika na kuambiwa, aliuliza kama kaburini, kule wazi, angeweza kufukiza ubani.

"Leo moto hapana," Mama akasema.

Fundi Edafe akazikwa kwa maji ya baraka na sauti za watu, bila kipaza sauti, bila muziki. Jenereta ya kukodi haikuwashwa. Wakwe walicheza kwa makofi na baadaye wakanung'unika.

Okiemute alisimama pembeni ya kaburi. Nguo zake zilikuwa zimeloa petroli kifuani, na habari ilikwisha zunguka. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote, kama anayeambukiza. Alikuwa akitazama miguu yake.

"Okiemute," Mama akaita.

Akainua kichwa.

"Njoo usimame hapa kwangu," Mama akasema. "Neno la kuificha pale lilikuwa langu."

Akaja. Mama akamshika mkono, na Ufuoma, aliyekuwa upande wa pili, akaanza kulia.