Bahasha Isiyo na Mwenyewe

Mwano ulipopigwa, watu wa Igembya walikuwa ndio kwanza wananawa mikono baada ya ugali wa mchana. Mwano si kengele wala king'ora. Ni ukelele wa mtu mmoja unaopokewa na wa pili, na wa tatu, mpaka kitongoji kizima kinapiga, na Usukumani ukiusikia unaacha ulichoshika unakimbilia unakotoka, la sivyo sungusungu, walinzi wa kijiji, wanakupiga faini mpaka ujutie kuwa na masikio. Euphrasia alikuwa anafunga turubai juu ya gari la mradi. Akaiachia kamba.

"Wanashangilia nini?" aliuliza Vaileth, mtaalamu wa mazingira, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma na sanduku la sampuli mapajani.

"Hawashangilii. Wanatuita sisi."

"Basi tuondoke," alisema Gregory, mhandisi wao, ufunguo tayari mkononi.

"Ukiwasha gari sasa hivi umetumaliza. Anayekimbia mwano hana la kujitetea. Kaa hapo hapo."

Walifikaje hapo? Kwa barua za chuo, kibali cha wilaya, na akili nyingi zilizosahau jambo dogo. Wafadhili siku hizi wanapenda taaluma zichanganywe kama makande, kwa hiyo chuo kiliwatupa watatu hao kwenye chungu kimoja. Gregory alikuwa ametengeneza chombo cha chuma chenye bomba linalopita ndani ya maji, kinachonasa mvuke wa zebaki pale wachimbaji wanapochoma dhahabu. Vaileth alitaka kupima zebaki iliyokwisha kuingia miilini mwa watu, na zebaki hujificha kwenye nywele. Euphrasia yeye alikuwa mtu wa fasihi. Alikuwa anaandika shahada ya uzamivu juu ya nyimbo za wanawake wanaoponda mawe mwaloni, pale dhahabu inapooshwa, na wenzake walimtania kila jioni kwamba yeye kaja mgodini kucheza ngoma.

Utani uliisha siku alipowatafsiria wimbo wa Paskazia.

*Jiko la mume wangu limebadili kazi,*
*halipiki tena, linang'arisha.*
*Moshi wake hauna harufu,*
*mwanangu alijua harufu yake.*

Hivyo ndivyo walivyojua kwamba wapo wanaume waliokuwa wanachoma zebaki ndani, jikoni, kwenye kikaango cha nyumbani, kwa kuogopa kuibiwa mwaloni. Hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo walipouliza kwa maswali yao ya kitaalamu. Vaileth alisikiliza ule wimbo mara tatu, halafu akasema, "Huyu mama lazima nipate nywele zake."

Paskazia alikuwa mke wa Stanslaus, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, lililokuwa linalisha nusu ya kitongoji. Watu walimwita Mama Blessing ingawa Blessing mwenyewe alizikwa kabla hajajua kutembea, na aliyemfuata akatoka kabla ya siku zake. Sasa tumbo lilikuwa kubwa tena. Alimfuata Euphrasia pembeni akamwambia maneno mafupi: mume kamkataza kuwapa wageni hata ukucha, lakini yeye anataka kujua. Akijua ni ule moto, atafanya la kufanya. Asipojua atazaa tu na kungoja.

"Hakuna mtu atakayejua," Euphrasia alimwahidi. "Bahasha haina jina. Ina namba, na namba unaijua wewe."

Wanawake wengine nao wakaingia mmoja mmoja nyuma ya turubai, mkasi ukalia, wakatoka na kikaratasi cha namba. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Watu wa kuja wangesamehewa, lakini Euphrasia alikulia Shinyanga hii hii, alijua vizuri kwamba nywele za mtu hazikatwi kwa kificho na mgeni zikaondoka kwenye sanduku. Alijua pia kwamba machimboni, mtu akikosa dhahabu hatafuti mtaalamu wa miamba, anatafuta aliyemwendea kwa mganga. Ilitakiwa aanzie kwa ntemi, mkuu wa sungusungu, mkutano uitishwe, mkasi utumike mbele za watu. Alijua, akanyamaza, kwa sababu mkutano ungechukua muda na yeye alikuwa na haraka ya kuitwa daktari. Juzi yake duara la Stanslaus lilitoa mawe matupu. Jana yake pia. Sasa alisikia miguu ikija na akajichukia kabisa.

Walikuja wengi. Wanaume wa sungusungu walitangulia na fimbo na pinde zao, filimbi shingoni, nyuma yao wachimbaji wenye tope la chini ya ardhi mpaka kwenye nyusi, halafu wanawake, kimya, wakiwa wamefunga khanga kiunoni. Gogo likawekwa mbele ya gari, lingine nyuma. Mbele ya wote alisimama Ndaki, ntemi wao, mtu wa makamo mwenye duka la koleo na tochi, ambaye hakupenda kupaza sauti kwa sababu hakuhitaji.

"Ntemi, shikamoo," alisema Euphrasia.

"Marahaba. Lakini leo shikamoo haitoshi, Mwalimu. Mmebeba nini humo?"

"Nywele, Ntemi. Za utafiti. Tunapima sumu ya zebaki."

"Za utafiti!" Stanslaus alipasua watu akaja mbele, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Ntemi, duara langu limekufa tangu hawa watu waanze kunyoa wake zetu. Wanazipeleka Geita kwa mganga, wanapigiwa ndagu ya utajiri, mali yetu inahama! Muulize kama kuna mtu alikuja kwako kuomba ruhusa."

Ndaki hakumuuliza. Alimtazama tu, na Euphrasia akatazama chini. Kijana mmoja mwenye nyundo alianza kugonga boneti ya gari, taratibu, ngo, ngo, ngo, na kila ngo Gregory alishtuka kana kwamba anagongwa yeye.

"Tuna kibali cha wilaya," Gregory alisema.

"Wilaya haina nywele humo," alijibu Ndaki. Wachimbaji wakacheka, kicheko kibaya. "Nisikilizeni. Mimi sijui kama hawa ni wachawi. Najua wamechukua vitu vya watu kwa kificho. Kwa hiyo kila mwanamke atachukua chake kwa mkono wake, atakichoma kwa mkono wake, hapa, tunaona. Halafu gogo litatolewa, na sisi hatutakuwa na neno. Kikibaki kimoja, gari linabaki. Na hao waliomo ndani wanabaki."

Moto uliwashwa kwa mabua. Vaileth alikumbatia sanduku machozi yakimtoka. Kazi yote ile, na chuo kisingewapa gari mara ya pili. Euphrasia alimwambia kwa sauti ya chini, "Toa, mdogo wangu. Toa tuishi."

Wanawake wakaanza kuja. Kila mmoja alitaja namba yake, akapewa bahasha, akaitupia motoni, na harufu ya nywele zinazoungua ikapanda mpaka watu wakaziba pua. Baadhi ya waume walikodoa macho kuona wake zao wakisogea, lakini mbele ya ntemi hawakuthubutu kusema. Euphrasia hakuwa anawatazama hao. Alikuwa anamtafuta Paskazia, akamwona amekaa chini mwisho kabisa, mkono juu ya tumbo, uso umekauka. Mumewe alikuwa amesimama mbele, pale pale penye moto. Paskazia hakuinuka. Namba zikaendelea kutajwa, bahasha zikaendelea kupungua, na Euphrasia akaanza kusali rozari kimyakimya bila hata kushika rozari.

Bahasha zikaisha, isipokuwa moja.

"Hiyo ya nani?" aliuliza Ndaki.

Nyundo ikaacha kugonga boneti.

"Ina namba gani?"

Vaileth aliisoma. Hakuna aliyejitokeza. Wanawake walitazama ardhi kwa namna ambayo mtu yeyote angejua kwamba wanajua.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema Ndaki. "Bahasha haiwezi kukosa mwenyewe. Kuna mke wa mtu hapa anaficha jambo, au kuna marehemu alikatwa nywele, na hilo la pili ni baya zaidi."

"Marehemu!" mtu alidakia huko nyuma, na neno likakimbia midomoni mwa watu. Umati ukasogea. Stanslaus akaanza kuwatazama wanawake mmoja baada ya mwingine, akihesabu nani kaja na nani hajaja, na macho yake yalikuwa yanaelekea kule nyuma, kwa mkewe.

"Ni yangu," alisema Euphrasia.

Vaileth aligeuka akamkazia macho. Ndaki akasogea karibu.

"Yako?"

"Nilijikata mimi kwanza, kuwaonyesha akina mama kwamba haiumi."

"Vua kitambaa."

Akavua. Nywele zake zilikuwa fupi, hazijatiwa dawa, kama za wanawake wengi wa pale. Ndaki alifungua bahasha, akatazama kilichomo, akatazama kichwa cha Euphrasia. Kama ntemi yule aliona tofauti, hakuisema. Huenda alishachoka, huenda alitaka mambo yaishe bila damu. Akampa bahasha.

"Basi zichome, Mwalimu. Uende kwenu."

Euphrasia alikwenda kuelekea motoni. Alifurahi, na hilo lazima lisemwe, alifurahi kama mtoto, kwa sababu siri imehifadhika, ahadi imetimia na gogo litaondolewa. Alipofika karibu, joto likampiga usoni, ndipo akaelewa alichoshika. Zilikuwa ndizo nywele pekee zilizobaki, za mwanamke aliyevunja amri ya mumewe ili ajue kinachoua watoto wake, na yeye alikuwa anakwenda kuziunguza kwa jina la kumlinda. Mkono ukakataa kunyooka.

"Choma!" Stanslaus alipiga kelele.

"Asichome."

Haikuwa sauti kubwa. Paskazia alikuwa amejishika magoti, anainuka, kwa shida ya mwanamke aliyeelemewa na mimba, na hakuna aliyekumbuka kumsaidia. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye moto.

"Hizo ni zangu, Ntemi. Mwalimu amesema uongo kwa ajili yangu. Nimezitoa mwenyewe na sitaki zichomwe. Nataka majibu yake."

Stanslaus alimfikia kwa hatua ndefu, mkono juu, na vijana wawili wa sungusungu wakamdaka kabla haujashuka.

"Nilikukataza!" alisema. "Nilikukataza, Mama Blessing. Umeniua. Unaona duara? Umeniua mimi na watu wangu wote."

"Nilipomzika Blessing nilinyolewa kichwa kizima," alisema Paskazia. Alikuwa analia, lakini maneno yalitoka mazima. "Nywele zote zile zilitupwa nyuma ya nyumba, upepo ukazipeleka ulikotaka. Hakuna aliyepiga mwano. Na duara lako halikukauka, Baba Blessing. Ulipata mawe mazuri wiki ile ile, ukaja kuyachomea jikoni kwangu, mimi nikiwa nimekaa matanga."

Hapo hata yule kijana mwenye nyundo alitazama pembeni. Mwanamke mmoja miongoni mwa waliokwisha kuchoma zao alianza kulia kwa sauti, na jirani yake akamziba mdomo kwa khanga.

"Na hayo majibu yakisema ni moto wangu?" aliuliza Stanslaus. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nitakuwa nimejua."

"Ntemi, unasikia maneno haya?"

Ndaki alijikuna kidevu. "Nilisema kila mwanamke achukue chake," alisema mwishowe. "Huyu amechukua chake. Anachokifanya nacho si kazi ya sungusungu. Ondoeni gogo."

Stanslaus alijinasua mikononi mwa wale vijana. Alimtazama mkewe, na Euphrasia alidhani atasema neno jema. Mtu mzima yule alikuwa amezika watoto wale pia.

"Basi panda gari nazo," alisema. "Nyumbani kwangu usirudi."

Akageuka akaondoka kuelekea kwenye duara lake, na wachimbaji wake, mmoja baada ya mwingine, wakamfuata.

Paskazia hakumwita. Alichukua bahasha mkononi mwa Euphrasia, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda mpaka mlango wa gari. Hakuwa na mzigo, hakuwa hata na viatu. Vaileth alisukuma sanduku tupu sakafuni ili ampishe. Euphrasia aliingia upande wa pili, akamshika mkono.

"Utakaa kwangu Kahama," alimwambia. "Mtaa wa Nyasubi. Ni chumba na sebule, lakini tutatosha. Nisamehe, Mama Blessing. Nilikuahidi."

Gregory aliwasha gari. Magogo yalikuwa yameshatolewa na watu walisimama pande mbili za njia, hawapungi mkono wala hawarushi mawe. Paskazia alitazama mbele mpaka nyumba ya mwisho ikapita. Tumbo lilicheza, akaweka kiganja pale palipocheza akakiacha hapo.

"Unapikia nini kwako?" aliuliza.

Euphrasia hakuelewa. "Gesi. Wakati mwingine mkaa."

"Na jiko lako linapika chakula tu?"

"Chakula tu."

Paskazia aliegemeza kichwa kwenye kiti akafumba macho. "Tangu niolewe," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza nitalala kwenye nyumba kama hiyo."